Baridi ya mwaka huu imetuchosha kuliko zote. Sababu ni nini hasa?

#1 Mzaramo wa Leicester (mtoa mada), Jumapili 24 Januari 2021

Wakuu, salaam.

Theluji imeanguka hapa Leicester tangu asubuhi. Miaka ya nyuma, Jumapili kama hii simu isingepoa: njoo kwa fulani kuna supu ya kongoro, mpitie na fulani, leteni watoto wacheze. Leo nimekaa dirishani nikiangalia watoto wa jirani wanavyofinyanga theluji, halafu nikarudi kitandani saa nane mchana. Siumwi. Nimepimwa kazini, sina korona. Kazi ninayo (ghala la mizigo, zamu ya usiku), kodi imelipwa, hakuna aliyeniudhi. Lakini nimechoka, tena uchovu ambao hata nilale vipi hautoki.

Nikiwauliza wenzangu, wote wanasema hivyo hivyo. Baridi si ngeni kwetu. Korona nayo tuko nayo tangu Machi mwaka jana, na kiangazi kilipita nayo bila sisi kuwa hivi. Sasa hiki cha mwaka huu ni nini?

Mimi nasema si baridi wala si ugonjwa. Ni kukatazwa kutembeleana. Vyumba vyetu vya huku ni vidogo, maisha yetu yalikuwa kwenye nyumba za wenzetu. Na Leicester ndiyo kabisa: miji mingine ilipofunguliwa kiangazi, sisi tulibanwa tangu mwisho wa Juni, na kuingia nyumbani kwa mwenzako imekuwa marufuku mpaka leo. Mwenye maelezo mengine aje nayo.

#2 Nesi wa Zamu

Pole sana kaka. Dai lako nalikubali nusu. Nusu nyingine ni jua.

Hesabu mwenyewe. Unatoka zamu saa mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Unalala. Unaamka saa kumi na nusu jioni, limeshazama. Mwili wako unaona mwanga saa ngapi? Na hata ungekuwa nje mchana kutwa, Uingereza kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini D kwenye ngozi, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua la muda mrefu zaidi. Ushauri wa huduma ya afya ni maikrogramu 10 kwa siku majira yote ya vuli na baridi. Kwenye kopo utakuta wameandika IU 400, ni kile kile. Ikipungua sana mwilini unapata uchovu, mifupa inauma, misuli inalegea. Kanunue kesho.

#3 Dereva wa Baridi Kali

Wadau, nimesoma nikacheka. Theluji ya kufunika kandambili tu na mtu amerudi kulala! Hapa Minneapolis ikifika nyuzi sifuri Januari tunafungua zipu za majaketi.

Lakini nikiacha utani, mimi sijachoka hivyo, na najua kwa nini: naendesha lori. Kila siku naona mahali pengine. Waliochoka ni waliokaa ndani. Mtu akikaa kwenye kiti kimoja akatazama ukuta mmoja, hata akiwa Malindi ufukweni atachoka. Toka nje utembee, Mzaramo.

#4 Mama Goma

Jambo bandugu. Dereva, wewe unasema "toka nje" kwa sababu kwenu hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Hapa Montréal, karibu Quebec yote, tangu tarehe 9 mwezi huu, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni marufuku kutoka. Faini inaanzia dola 1,000 hadi 6,000.

Mimi nafanya usafi maofisini, naingia kazini saa tatu usiku. Natembea na barua ya mwajiri mfukoni. Wiki iliyopita polisi wamenisimamisha kituo cha basi, ni baridi ya kumi na tano chini ya sifuri, nikavua glovu kutafuta ile barua, vidole vikawa havishiki karatasi. Hawakuwa watu wabaya. Walimulika tochi, wakasoma, wakasema bonne soirée mama. Lakini mimi nimetoka Goma. Usiku, njiani, mtu mwenye silaha anakuomba karatasi: mwili wangu unaijua hiyo habari tangu zamani. Nilitetemeka mpaka kazini, na si kwa ajili ya baridi.

Kwa hiyo Mzaramo, mimi nasema ni woga. Woga mdogo mdogo, kila siku.

#5 Kaka wa Mbezi

Poleni ndugu zetu. Lakini si mrudi nyumbani? Hapa Dar tunaishi. Daladala zimejaa, harusi zinafungwa, shule zimefunguliwa tangu Juni mwaka jana, jioni tunakula mishikaki. Hizo barakoa na kujifungia ndivyo vinavyowachosha. Mnajitia ugonjwa wa mawazo bure.

#6 Shangazi Hamburg

Mbezi mwanangu, usiwaambie watu wanajitia. Nchi yetu ilitoa takwimu mara ya mwisho Mei mwaka jana, zikaishia watu 509, basi. Usipohesabu, unaweza kuishi utakavyo.

Turudi kwenye mada. Nyote mmesema mambo ya moyo, mimi nasema angalieni nyumba. Mnafunga madirisha kuanzia Oktoba, mnapika ndani, mnaoga, mnakausha nguo juu ya redieta, na mwaka huu watu wote wako ndani mchana kutwa wanapumua humo humo. Unyevu wote huo unakwenda wapi? Wajerumani wana utaratibu: fungua dirisha lote, wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, halafu funga. Mara tatu au nne kwa siku. Usiliache nusu wazi siku nzima, hapo unapoza kuta tu. Wajukuu zangu vuli iliyopita walikuwa wanasoma na makoti darasani kwa sababu mwalimu anafungua madirisha kila baada ya muda, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayopunguza korona.

Mzaramo, sogeza kabati lako la nguo uangalie nyuma yake. Kisha urudi hapa utuambie.

#7 Mzaramo wa Leicester, Jumatatu 25 Januari

Shangazi, shikamoo. Nimesogeza kabati.

Ukutani kuna ukungu mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, na koti langu la sikukuu limeota mgongoni madoa ya kijani. Asubuhi maji yanateremka kwenye kioo cha dirisha mpaka mbao ya chini imelainika, ukiibonyeza kwa kidole inaingia. Nimempigia mwenye nyumba, anasema fundi hawezi kuja kipindi hiki cha kujifungia. Si kweli, mafundi wanaruhusiwa kuingia nyumbani kwa mtu kufanya kazi, nimesoma kanuni.

Kaka wa Mbezi, ningependa kurudi hata kesho. Ila tangu Ijumaa Uingereza imewafungia wasafiri kutoka Tanzania na Kongo. Wenye ukaazi kama mimi tunaruhusiwa kuingia, lakini unajitenga siku kumi, wewe na unaoishi nao. Na mwajiri hatanisubiri.

#8 Dada wa Northampton

Shangazi shikamoo. Habari ya madirisha nimeielewa, tatizo ni pesa. Kwangu gesi na umeme ni mita ya kulipia kabla. Naenda na kadi dukani, naweka pauni kumi, na siku za baridi kali pauni kumi hazimalizi siku mbili. Nikifungua dirisha wazi lote naona hela inatoka nje. Kwa hiyo tunawasha joto chumba kimoja, watoto wote wanalala humo, na ndiyo, madirisha tumeyafunga. Nasikia kwenu joto limo ndani ya kodi.

#9 Shangazi Hamburg

Marahaba wote. Dada, limo, lakini mwisho wa mwaka wanapiga hesabu ukazidishiwa deni. Hakuna joto la bure duniani. Hata hivyo dakika tano hazipozi kuta, hewa tu ndiyo inayobadilika, na hewa kavu inapata joto haraka kuliko hewa yenye unyevu. Jaribu asubuhi watoto wakishaamka.

#10 Binti Kibokoni

Assalaam alaykum. Mimi niko Mississauga, watoto watatu, shule kwenye skrini tangu mwanzo wa Januari.

Nawaeleza asubuhi yangu. Mkubwa yuko chumbani na kompyuta ya shule. Wa kati yuko meza ya jikoni na simu yangu, kwa hiyo simu sina. Wa mwisho yuko chekechea, mwalimu anamwambia aruke ruke mbele ya kamera, naye anaruka juu ya kochi huku anakula mahamri. Mimi nafanya kazi ya kupokea simu za wateja, mgongo nimeupa jiko, mteja anasikia "Teacher, I can't hear you" anadhani namwambia yeye. Saa sita mchana nimeshapika, nimeshagombana, na bado sijatoka mlangoni. Dereva anasema waliochoka ni waliokaa. Nani aliyekaa?

Mimi maelezo yangu ni haya: siku zimepoteza mipaka. Jumatatu ni sawa na Jumamosi, kazini ni sawa na nyumbani. Zamani mtu ukirudi kazini ulipumzika ndani ya basi, mwenyewe, dakika arobaini hakuna anayekuita mama. Basi hilo nilikuwa nalilalamikia.

#11 Dereva wa Baridi Kali

Kumradhi Binti. Nilikuwa nasema waliokaa kwa maana ya waliofungiwa. Umenena.

#12 Nesi wa Zamu, Jumanne 26 Januari

Mtoa mada, kuna kitu hapo #1 lazima tukiweke sawa. Je, unaishi peke yako? Kanuni za England zinamruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kuungana na nyumba moja nyingine, mkahesabika nyumba moja: unakula huko, unalala huko, hakuna kukaa mbali mbali. Ni nyumba moja tu, hubadilishi kila wiki. Tena unaruhusiwa kutembea nje na mtu mmoja wa nyumba nyingine kwa mazoezi. Usijifungie kuliko sheria yenyewe ilivyokufungia.

Ila lile la vitamini D msilikuze. Kuna watu wanasambaza sauti WhatsApp kwamba inakinga korona. Wataalamu wa hapa waliliangalia Desemba, wakasema ushahidi wa hilo hautoshi. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli yako. Na ile ya kujifukiza kwa sufuria la maji ya moto, tafadhali, weka watoto mbali. Wanaungua.

#13 Mzaramo wa Leicester

Shukrani dada Nesi. Naishi peke yangu, ndiyo.

Sasa nimepata tatizo jipya. Nyumba moja ni ipi? Nina binamu yangu mtaa wa pili, nina rafiki niliyekuja naye, nina mama mmoja wa Tanga aliyenipikia nilipokuwa mgeni mjini humu. Nikiwa wa kwa binamu, mama wa Tanga atasema nimesahau fadhila. Nikienda kwa mama wa Tanga, shemeji atanuna mpaka Idi.

#14 Dada wa Northampton

Nenda penye mita isiyo ya kadi.

#15 Binti Kibokoni

Hahaha! Nenda kwa mama wa Tanga. Binamu ni damu, hatakukimbia.

#16 Mpemba wa Barking, Jumatano 27 Januari

Nimekuwa nikisoma tu, leo naandika.

Jana Uingereza imetangaza vifo vimepita 100,000. Mnaongelea giza, madirisha, skrini, yote kweli. Lakini hakuna aliyetaja misiba.

Mwezi huu mama yangu mdogo amefariki Wete. Yeye ndiye aliyenilea. Ndege sikuweza. Ndugu yangu mmoja aliishika simu juu wakati wa maziko ili nione. Huku mimi nimeiegemeza simu yangu kwenye kopo la sukari, mezani, na barakoa ya kazini bado iko shingoni. Nikaona migongo ya watu, nikaona kanzu, nikaona jeneza linapita upande mmoja wa skrini. Ilipofika dua mtandao ukakatika. Picha ikaganda kwenye mkono wa mtu na koleo. Nikapiga tena, ikaita haipokelewi, kwa sababu watu wako makaburini, nani apokee. Nikaketi. Baada ya saa nzima nikaoga nikaenda kazini.

Zamani hapa London ukifiwa, kabla hujamaliza kulia nyumba imejaa. Wanakuja na mchele, na mkeka, wanakusomea hitma, wanakuzuia usifikirie. Mwaka huu watu wamenitumia ujumbe, wamechanga, Mungu awalipe. Lakini hakuna aliyekaa chini na mimi. Kisheria maziko hapa ni watu 30, na msiba wenyewe ni watu sita. Sita! Wabeba sufuria peke yao wanazidi sita.

Naona uchovu wetu ni misiba ambayo hatujaimaliza. Kila mmoja hapa ana mmoja au wawili.

#17 Shangazi Hamburg

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mama yako mdogo. Wewe ni mtoto wake, umemzika kwa macho, usijihukumu.

#18 Mama Goma

Pole sana ndugu. Mwaka jana, Mei, baba yetu mkubwa amekufa Bukavu, sisi wote tulikuwa kwenye Zoom, mchungaji anasema funga maikrofoni, na sisi watu wa kulia kwa sauti. Niliifunga nikalia mwenyewe jikoni. Sitasahau hiyo.

#19 Kaka wa Mbezi

Pole sana Mpemba. Mama mdogo aliumwa nini?

#20 Mpemba wa Barking

Wanasema changamoto ya kupumua. Hivyo hivyo ndivyo wanavyosema kila nyumba sasa.

#21 Fundi wa Glasgow, Alhamisi 28 Januari

Poleni wafiwa. Nami nina langu: ibada. Ijumaa ndiyo ilikuwa kamba ya wiki yangu. Tangu misikiti yote Uingereza ifungwe wiki haina kichwa wala miguu.

#22 Mpemba wa Barking

Fundi, si Uingereza yote. England misikiti na makanisa iko wazi kwa masharti, barakoa, mkeka wako, mnaachana nafasi. Wengine wameamua wenyewe kufunga. Kwenu Scotland ndiko serikali imefunga. Mimi Ijumaa nimeswali. Lakini ukimaliza unatoka mlango mwingine moja kwa moja, hakuna kupeana mikono, hakuna chai. Nusu ya Ijumaa ilikuwa pale viatuni.

#23 Dada wa Northampton, Jumamosi 30 Januari

Naomba nilete jambo la ardhini kidogo. Wiki hii nimepigiwa simu kwamba nimekaa karibu na mwenye korona, nijitenge siku kumi. Kampuni niliyo chini yake haitoi mshahara ukijitenga, inatoa ile ya kisheria tu, pauni 95.85 kwa wiki. Kodi yangu peke yake inazidi hiyo. Kuna mwenzetu kazini anakohoa tangu juzi na anakuja, kila mtu anajua kwa nini anakuja, hakuna anayemsema.

Mnauliza sababu ya uchovu? Ni kuchagua kila siku kati ya kodi na mapafu ya mwenzako. Wanaofanya kazi kwa kompyuta nyumbani wamechoka kwa kukaa ndani, nawapa pole ya dhati. Sisi tumechoka kwa kutoka.

#24 Nesi wa Zamu

Dada, simama hapo. Kuna malipo ya pauni 500 kwa mtu wa kipato cha chini aliyeambiwa ajitenge na hawezi kufanya kazi nyumbani. Yapo tangu mwisho wa Septemba. Unaomba kwenye halmashauri ya mji wako, wanataka namba uliyopewa walipokupigia, hati ya benki na uthibitisho wa kazi. Na wenye viza inayokataza msaada wa umma wasiogope: malipo haya hayahesabiki humo. Mwambie na huyo anayekohoa akapime leo.

#25 Dada wa Northampton

Asante sana. Hakuna aliyeniambia hilo, wala kazini wala aliyenipigia. Naomba leo leo.

#26 Mzaramo wa Leicester

Uzi huu umeshalipa pauni 500. Endeleeni.

#27 Shangazi Hamburg, Jumatano 3 Februari

Mimi nataka kusema la nywele, msicheke. Saluni hapa zimefungwa tangu tarehe 16 Desemba. Nina binti mmoja Mkenya aliyekuwa ananisuka kila mwezi. Siyo nywele tu. Nilikuwa nakaa katikati ya magoti yake saa tatu nzima, ananipaka mafuta, ananipa habari za mjini. Mimi ni mjane. Tangu Desemba hakuna mkono wa mtu uliogusa kichwa changu. Kanuni inaniruhusu kuonana na mtu mmoja wa nyumba nyingine, na huyo mmoja nimempa mwanangu. Nesi, hiyo nayo ina vitamini yake?

#28 Nesi wa Zamu

Shangazi, haina, na ndiyo naiona kila siku kazini. Wazee wa nyumba ninayohudumia wameshachanjwa dozi ya kwanza, mimi pia, ya pili wameisogeza mpaka wiki ya kumi na mbili. Lakini watoto wao bado wanawaona kupitia kioo cha dirisha. Kuna bibi mmoja nikimpaka losheni mikononi anafumba macho na hataki niache. Kwa hiyo mchango wako nauweka kwenye orodha juu kabisa, juu ya jua langu.

#29 Dereva wa Baridi Kali, Ijumaa 12 Februari

Nimerudi. Wiki hii yote hapa hatujaona juu ya sifuri, usiku unafika nyuzi 25 hadi 30 chini. Betri ya gari ukiisahau, asubuhi ni jiwe. Bado mnasema Uingereza kuna baridi?

#30 Fundi wa Glasgow

Mkuu, jana Braemar, juu huko Aberdeenshire, imepimwa nyuzi 23 chini ya sifuri. Baridi kubwa kuliko zote Uingereza tangu 1995. Tunaomba heshima.

#31 Dereva wa Baridi Kali

Mmepewa. Ya siku moja.

#32 Dereva wa Baridi Kali, Jumatano 17 Februari

Naandika nikiwa nimepaki Oklahoma. Mzigo wangu ni wa Dallas, barabara ni barafu tupu. Texas mamilioni ya watu hawana umeme tangu Jumatatu, mabomba yanapasuka ndani ya dari. Nimeongea na Mkenya mwenzangu wa Dallas, amelala na watoto kwenye gari gereji likiwa linawaka, nikamkemea, atoe gari nje mara moja, ule moshi unaua. Katoa.

Nilisema sijachoka. Wiki hii nimechoka. Na nimekuwa nikitembea kila siku, kwa hiyo lile la "toka nje" nalo halitoshi.

#33 Mpemba wa Barking, Jumatano 17 Februari, usiku

Maalim Seif ametutoka leo. Chama chake kilishasema mwishoni mwa Januari kwamba ana korona. Mungu amrehemu. Leo sina neno lingine.

#34 Kaka wa Mbezi, Alhamisi 18 Februari

Poleni Wazanzibari, poleni Watanzania wote. Nyumbani kwetu wiki hii tumezika jirani wawili, wote kifua. Mama nimemkataza kwenda sokoni, ananiuliza nani atamnunulia, nimemwambia mimi. Barakoa nimenunua boksi zima. Shangazi, ile ya madirisha, sisi huku yako wazi siku zote, ni daladala ndiyo hatufungui vioo mvua ikinyesha. Nesi, naomba unielekeze vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni vinasomwaje.

#35 Nesi wa Zamu

Vizuri kaka. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala hina, atulie dakika chache kabla ya kusoma. 95 na kuendelea ni sawa kwa mtu mwenye afya. Ikiwa 93 au 94 mpigieni daktari, 92 kushuka ni hospitali, msisubiri asubuhi. Na kwenye ngozi nyeusi hicho kifaa huweza kuzidisha namba, kwa hiyo mwangalie na mgonjwa mwenyewe: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, nendeni hata kama namba ni nzuri.

#36 Binti Kibokoni, Jumatatu 22 Februari

Watoto wamerudi shule wiki iliyopita! Nyumba imenyamaza. Nilidhani nitalala. Nimekaa kwenye kochi nikalia, sijui kwa nini. Mimi nilisema ni mipaka ya siku. Mipaka imerudi na bado nimechoka, kwa hiyo nahamia upande wa Mpemba mpaka nipate jingine.

#37 Mzaramo wa Leicester

Leo nasi tumepewa ratiba. Shule tarehe 8 Machi. Tarehe 29 Machi watu sita au nyumba mbili kukutana nje. Maduka Aprili 12, kama mambo hayaharibiki. Leicester tunaingia pamoja na wengine safari hii.

Taarifa nyingine: ukutani nimepaka dawa, kabati nimeliacha katikati ya chumba. Vitamini nanunua. Nilichagua kwa mama wa Tanga. Shemeji amenuna.

#38 Dada wa Northampton

Pauni 500 zimeingia jana. Nimejaza mita mpaka ikashangaa. Na yule aliyekuwa anakohoa alipima, alikuwa nayo. Amepona.

#39 Kaka wa Mbezi, Jumanne 23 Februari

SIMBA 1, AL AHLY 0! Miquissone! Bingwa wa Afrika amelala kwa Mkapa!

#40 Mzaramo wa Leicester

Nimeamka usingizini kwa ajili ya mechi hiyo. Goli lilipoingia nimepiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Sijapiga kelele hivyo tangu Machi mwaka jana, koo linauma na mwili umekuwa mwepesi ajabu.

#41 Fundi wa Glasgow

Kwa hiyo jibu la uzi ni Simba?

#42 Dada wa Northampton

Basi sisi wa Yanga tutakufa na uchovu wetu.

#43 Nesi wa Zamu

Kelele nazo ni mazoezi ya kifua, endelea nazo. Ila bado nasema jua. Sasa hivi siku inaongezeka zaidi ya dakika tatu kila siku, tuulizane tena mwisho wa Machi kabla hamjampa Miquissone sifa zote.

#44 Mpemba wa Barking

Mwisho wa Machi mimi nakuja Leicester, kama kusafiri kutaruhusiwa. Abbey Park, nje, kihalali. Nataka kukaa chini na watu.

#45 Mzaramo wa Leicester

Karibu mno. Mama wa Tanga atapika, nimeshamwambia. Wanaokuja waandike hapa, watu sita tu.

#46 Nesi wa Zamu

Niandike.

#47 Dada wa Northampton

Mimi na watoto wawili.

#48 Mzaramo wa Leicester

Mpemba, Nesi, Dada na wawili, mama wa Tanga na mimi. Tumeshapita. Watoto wanahesabiwa?

#49 Nesi wa Zamu

England wanahesabiwa, hata mchanga. Gaweni makundi mawili, mikeka miwili, tena muachane kweli.